Nilivyompata Babu wa Ukoo wa Mke Wangu kwa Kumtafuta Mjane Wake

Kila niliyemwomba ushauri aliniambia kwamba ukoo wa Mmarekani mweusi haufuatiliki nyuma ya mwaka 1870, kwa kuwa sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliokuwa watumwa. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 kwa kawaida hutaja jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtu, basi. Wakwe zangu wa Mississippi walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Mimi, mzaliwa wa Tanga niliyelelewa kwa kutajiwa mababu mmoja mmoja, sikukubali.

Mtafiti mmoja wa kulipwa alikuwa amewauzia mchoro mzuri sana wa nasaba. Alimtafuta tajiri wa pamba wa karibu na Vicksburg mwenye jina la ukoo kama lao, akachagua kijana mmoja asiye na jina katika orodha ya 1860, akatangaza kuwa ndiye babu wa ukoo wao. Hoja yake ni kwamba watumwa walichukua majina ya mabwana zao. Wapo waliochukua, wapo waliolitupa jina hilo mara walipopata uhuru, na wapo waliobaki na la bwana wa awali, kwa hiyo mchoro ule haufai hata kufungia vitumbua.

Ujanja wangu ulikuwa kumwacha mwanamume na kumfuata mkewe. Mama mkwe alikumbuka kusikia kwa wakubwa wake kwamba bibi huyo, aliyefiwa na mume mapema, alipokea fedha za serikali kila baada ya miezi mitatu. Nani wakati ule angemlipa mwanamke mweusi wa Mississippi bila sababu? Nikajua ni pensheni ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Sensa kuu ya 1890 iliangamia karibu yote kutokana na moto wa Washington wa 1921, lakini orodha maalumu ya askari wastaafu wa jeshi la Muungano, yaani la upande wa Kaskazini, na wajane wao ilisalia kwa baadhi ya majimbo, Mississippi likiwamo. Nilimkuta humo, na kando ya jina la marehemu limeandikwa jina jingine alilolitumia jeshini.

Nikaagiza jalada la pensheni kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani kwa dola 80 hivi. Ukishauriwa kuchukua kurasa chache tu, kataa. Kwa kuwa sheria haikuzitambua ndoa za watumwa, mjane hakuwa na cheti, na mkaguzi alitumwa kuwahoji mashahidi kwa kiapo. Usumbufu aliopewa bibi yule ndio uliotunufaisha: askari mwenza wa mumewe anasimulia walivyotorokea Vicksburg baada ya mji kutekwa na jeshi la Muungano Julai 1863, mkunga anawataja watoto aliowapokea, na dada wa marehemu anamtaja mama yao, ndugu zao, na bwana wao halisi, ambaye siye yule tajiri wa kwenye mchoro.

Jina la bwana huyo lilinifikisha kwenye kumbukumbu za mirathi, ambamo watumwa wameorodheshwa kwa majina na bei, sambamba na nyumbu na majembe. Mama wa marehemu yumo pamoja na watoto wake, na majina yote yanalingana na yale ya kiapo cha dada.