Asbesto sio shida ya fundi wa paa peke yake

Watu wakisikia asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake ukilivuta linaleta ugonjwa wa mapafu hata saratani, wanawaza tu yale mapaa ya kijivu ya shule za zamani na kwota za serikali, wanadhani anayeumia ni fundi wa paa basi, kumbe wapi! Fundi umeme anapanda darini kupitisha waya anatoboa silingi bodi ya kizamani, fundi bomba anakata paipu kuukuu la simenti kwa grainda, makanika naye anafungua drami ya breki alafu anapuliza lile vumbi na kompresa, wote wamo. Sio kila breki ina asbesto siku hizi lakini kwa macho huwezi kujua.

Kenya ilipiga marufuku 2006, Uingereza 1999, ila marufuku haishushi paa lililoezekwa miaka ya 70. Na likishushwa ndo balaa, vijana wa kibarua wanavunja kwa nyundo wanarusha chini vumbi kila mahali. Inatakiwa ulowanishe maji kwanza, ufungue bolti taratibu shiti ishuke nzima, ifungwe kwenye nailoni nzito. Na ile maski ya kovidi ya bluu haisaidii kitu jamani.

Kinachoniudhi ni kwamba ugonjwa unakaa kimya miaka 20, 30, hata 40, kibarua kilishaisha zamani bosi hata jina lako hakumbuki, utamdai nani? Na mke aliyekuwa anakung'uta ovaroli kabla ya kufua naye yumo, huko Uingereza na Afrika Kusini kuna wanawake wamepata mesotelioma, ile saratani ya utando wa mapafu, na kiwandani hawajawahi kukanyaga.