Siku moja maishani mwangu: slaidi mchana, maombi ya uzamivu usiku

Saa kumi alfajiri nimeshaamka, Chikongola bado kimya. Naomba udahili wa shahada ya uzamivu ya sayansi za biomedikali huko Marekani. Dirisha linafungwa tarehe 1 Desemba, saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za pwani yao ya mashariki. Kwetu Mtwara itakuwa tarehe 2, saa mbili kasoro dakika moja asubuhi. Nimeiandika ukutani kwa chaki. Programu nyingi za kule zinapokea hata mwenye shahada ya kwanza tu, na mwaka wa kwanza unazungushwa maabara kadhaa kabla ya kuchagua msimamizi.

Saa moja na nusu niko kazini maabara. Mikojo, vinyesi, makohozi, damu, mpaka saa nne.

Saa nne na robo akarudi mzee mmoja wa Nanyamba, karatasi ya majibu mkononi. Msimu huu wa korosho, kuacha shamba siku nzima si jambo dogo.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Haya majibu umekosea, binti.”

Wiki mbili nyuma alitibiwa malaria, akamaliza dawa mseto. Homa ikarudi. Jana akapimwa kipimo cha haraka mahali pengine, mistari miwili, yaani malaria ipo. Slaidi yangu, kioo chenye tone la damu yake, inasema hakuna vimelea.

“Mistari nimeiona kwa macho yangu. Wewe umeona nini?”

Nikamweleza kwamba kipimo kile kinanasa protini ya mdudu, HRP2, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata mdudu akishakufa. Hakunielewa. Akapandisha sauti, foleni ikamuunga mkono, mama mmoja akasema mabinti wa siku hizi kazi yao ni simu tu. Iliniuma sana, maana nilikuwa sijanywa hata chai.

Nikairudisha slaidi kwenye hadubini. Tone la mafuta, lenzi ya mia. Ili useme hakuna vimelea sharti upitie angalau sehemu 100 za kioo, moja moja kwenye lenzi. Nilipitia 200, shingo inawaka moto. Kisha nikamwita aangalie mwenyewe. Akainama, akanyamaza.

“Hivi vya zambarau ndio wadudu?”

“Hapana babu. Hizo ni chembe nyeupe za damu, askari wako mwenyewe.”

Akaangalia tena, muda mrefu. Nikamwomba daktari amwandikie kipimo cha mkojo. Ulikuwa umejaa usaha. Homa yake ilikuwa inatoka huko, na angeweza kumeza tena dawa mseto bure huku ugonjwa ukipanda kwenye figo.

Mchana sikumbuki vizuri. Umeme ulikatika, ukarudi, slaidi zikawa zimelundikana. Nimefika nyumbani giza limeshaingia, miguu imevimba, nikala mihogo ya nazi nimesimama.

Nikafungua maelezo yangu ya maombi. Yalianza, “Tangu utotoni napenda sayansi.” Nikafuta. Nikaandika habari ya slaidi ya yule mzee, halafu swali: homa inayobaki malaria ikishatibiwa inatokana na nini, na tuipimeje palipo na hadubini moja tu? Hilo swali nimelipata kwenye kiti changu cha maabara, na ndilo ninalotaka kulisomea miaka yote hiyo.

Barua mbili za mapendekezo zimeshaingia kwenye mfumo. Ya tatu bado. Nikamtumia ujumbe mwalimu anayeiandika: “Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu. Zimebaki siku nne.”