Mimi ni Mtu wa Bogi

Ukiniuliza mimi ni mcheza gofu wa aina gani, nitakujibu kwa hesabu: wa mipigo 90. Uwanja wa pa 72 (pa ni idadi ya mipigo inayotarajiwa kwa mchezaji hodari) mara nyingi huwa na mashimo manne ya pa 3, kumi ya pa 4 na manne ya pa 5. Ongeza mpigo mmoja kwa kila shimo, yaani bogi tupu kuanzia la kwanza hadi la 18, unapata 90. Handikapu ya mchezaji kama huyo, yaani mipigo ya msaada anayopewa, ni kama 18. Watu wa aina hii tumejaa vilabuni, ila wengi hujitaja kwa alama za siku yao nzuri.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayonifanya niupende mchezo. Chukua pa 4 ya mita 380. Bogi hapo ni mipigo 5. Toa miwili ya kusukuma mpira kwenye grini, zile nyasi zilizonyolewa kuzunguka kishimo, inabaki mitatu ya kukufikisha. Gawa 380 kwa 3: haifiki mita 130 kila mpigo. Hiyo ni kazi ya fimbo ya chuma namba 7 au 8, mara tatu, bila kutoa jasho. Draiva, fimbo ya kupiga mbali kuliko zote, haimo kabisa kwenye hesabu. Shimo linalotisha ukilitazama kutoka kwenye tii, mahali pa kuanzia, hugeuka vipande vitatu ambavyo mtu wa kawaida anavimudu.

Lakini nani anacheza hivyo? Tunachomoa draiva hata pale ambapo feawei, ile njia ya nyasi fupi kuelekea grini, imebanwa na ua upande wa kulia, mpira unapinda kulia, unatoka nje ya mipaka. Adhabu ni mpigo mmoja na kurudi ulipopigia, kwa hiyo mpigo unaofuata kutoka kwenye tii ni wa tatu. Bogi imekwishaponyoka. Kama una shaka tu, tamka wazi kwamba unapiga mpira wa muda, yaani wa akiba endapo wa kwanza umepotea, kabla hujaupiga. Usipotamka, huo wa pili ndio unakuwa mpira wako, hata wa kwanza ukionekana umelala katikati ya feawei. Muda wa kutafuta ni dakika 3, si 5 kama ilivyokuwa kabla ya 2019. Makedi, wanaotubebea fimbo, wanaujua vizuri kuliko wengi wetu.

Huko kupinda kulia nako kuna dawa ambayo watu huichukua kinyume. Mpira ukipinda kulia, mchezaji wa mkono wa kulia huelekeza miguu zaidi kushoto. Anazidisha ugonjwa: fimbo inakata mpira kwa mshazari huku uso wa fimbo, sehemu inayougusa mpira, ukiwa wazi kuelekea kulia, na tofauti ya hivyo viwili ndiyo inayoupindisha. Anza na mikono. Ukitazama chini, vifundo viwili hadi vitatu vya mkono wa kushoto vionekane. Ukiona kimoja tu, uso wa fimbo utachelewa kufunga.

Sasa nyasi. Viwanja vingi vya Nairobi na nyanda za juu zinazoizunguka vina nyasi za kikuyu, zilezile zilizopelekwa hadi California, ambako feawei za uwanja wa Riviera zinajulikana kwa ajili yake. Kwenye feawei iliyokatwa vizuri ni rafiki mkubwa: majani yake ni magumu, yanaubeba mpira juu kana kwamba umewekwa kwenye kitii, kile kijiti cha kuuinulia. Pembeni ya feawei, hasa msimu wa masika, ni balaa. Mpira unazama hadi chini, na majani yanajizungushia shingo ya fimbo. Uso unafunga, mpira unatoka chinichini kuelekea kushoto, au hautoki kabisa. Hapo sahau vyuma virefu. Chukua chuma namba 9 au weji, fimbo fupi ya kuinua mpira juu, simama mpira ukiwa karibu kidogo na mguu wa kulia, kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, ishushe fimbo kwa mwinuko mkali. Lengo ni feawei iliyo karibu, hata kama ni mita 60 tu mbele.

Kandokando ya grini nyasi hizi zinaua pia ule mpigo wa kuudondosha mpira mbele na kuuacha ukimbie. Ukitua kwenye kikuyu, unashikwa papo hapo. Ni lazima utue kwenye grini yenyewe, japo hatua moja tu ndani, kwa weji ya digrii 56 au zaidi. Bunka, kile kishimo cha mchanga, ikilowa mvua ina kosa lake: ukiufungua uso wa weji kama ulivyofundishwa kwa mchanga mkavu, sehemu ya chini ya fimbo itadunda kwenye mchanga mgumu na mpira utavuka grini. Uache uso ukielekea karibu moja kwa moja mbele, piga mchanga sentimita 5 nyuma ya mpira.

Anayeshuka kutoka Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwenda Mombasa au Dar es Salaam aongeze fimbo moja, yaani achukue inayopiga mbali zaidi kwa hatua moja. Hewa ya chini ni nzito zaidi; chuma chako cha mita 140 kitakupa kama 130. Halafu kuna Kusi na Kaskazi. Upepo ukiwa usoni, kupiga kwa nguvu zaidi kunaongeza mzunguko wa mpira, nao unapaa na kudondoka. Chukua fimbo mbili zaidi, shika chini kidogo kwenye mpini, piga taratibu.

Kwenye grini sina mengi. Watu wa bogi hupoteza kwa kusukuma mara tatu badala ya mbili, na chanzo huwa umbali, mara chache mwelekeo. Hesabu hatua hadi shimo. Zikizidi kumi, lenga duara la mita moja kulizunguka.

Kwa mtindo wa Stableford, wa kuhesabu pointi kwa kila shimo, uliotumika kwa mashindano mwaka 1932 pale Wallasey, Uingereza, mwenye mipigo 18 ya msaada hupata mmoja kila shimo, hivyo bogi ni pointi 2 na bogi 18 ni pointi 36, sawa na mchezaji wa handikapu sifuri aliyepiga pa mashimo yote. Handikapu yako ikishuka hadi 17, shimo lenye indeksi 18, yaani linalohesabiwa jepesi kuliko yote, ndilo la kwanza kukunyima msaada. Mara nyingi ni pa 3 fupi, mita 130 au pungufu. Anza kulifanyia mazoezi sasa.