Mlango wa kioo wa kuteleza, Paje: jinsi nilivyozuia usinyanyuliwe

Komeo la mlango wa alumini ni ndoano ndogo tu. Mwizi hahangaiki nalo. Hunyanyua bawa zima, yaani kipande cha mlango kinachoteleza, mpaka magurudumu yatoke relini. Kwa hiyo kazi ilianza juu, si kwenye kitasa.

Baada ya kufagia mchanga relini na kusawazisha magurudumu, nilifungua mlango nikatia skrubu 3 ndani ya reli ya juu, sehemu ambayo bawa hukaa likifungwa. Vichwa viliacha nafasi ya milimita 2 hadi 3 juu ya bawa. Zikishuka zaidi, zinakwaruza. Zikitiwa reli nzima, hata fundi hatoi bawa.

Kisha pini ya kufunga mabawa mawili pamoja: tundu la milimita 6 lililopenya fremu ya bawa la ndani na kuingia kidogo kwenye ile ya nje, bila kutokeza. Funga utepe kwenye keekee kuonyesha kina, na kaa mbali na kioo. Kioo kilichoimarishwa kwa joto kikiguswa na keekee ukingoni husambaratika chote.

Skrubu ziwe stenlesi ya 316, zipakwe grisi. Za kawaida huliwa na chumvi ya bahari. Gongo la kulaza relini kuzuia bawa lisiteleze, fupi kwa milimita 5 kuliko nafasi iliyopo, hufaa pale tu bawa linaloteleza likiwa upande wa ndani.