Nilivyoirudisha sauti ya babu kwenye video yake

Anayeijua Kigamboni mwezi wa 7 anaujua upepo wa kusi. Siku ya harusi ya mdogo wangu ulivuma tangu asubuhi pale Mjimwema, turubai linapigapiga, akina dada wameshikilia mitandio kwa mikono miwili. Baada ya chakula babu akaomba nafasi ya kusema. Babu si mtu wa kuomba nafasi. Aliketi kwenye mkeka, akamwita bwana harusi akae mbele yake, akatoa wosia wa dakika 14. Kwenye dakika ya 9 akamtaja kwa jina shangazi yangu, binti yake aliyeko Muscat, mwaka wa 6 huu hajarudi, akamwombea dua, watu wote wakaitikia amina.

Mimi ndiye niliyekuwa nikirekodi. Nilisimama nyuma ya wageni, mita kama 12 kutoka kwenye mkeka, maana sikutaka kumwekea mzee simu usoni. Picha ilitoka safi. Sauti sasa! Usiku nimefika nyumbani Temeke, nafungua nisikilize, nakutana na upepo mtupu, na ndani yake kwa mbali mtu anaongea kama yuko chini ya maji.

Binamu yangu akanishauri niifute sauti yote nipachike kaswida, ndivyo wengi wanavyofanya. Sikukubali. Shangazi alikuwa ameshanipigia mara mbili siku ile ile kuuliza baba yake kasema nini, na kaswida isingemjibu.

Nikaanza kwa kujaribu kuisafisha sauti yenyewe. Programu nyingi za simu siku hizi zina kitufe cha kupunguza kelele, nami nilikibonyeza mpaka nikachoka. Kwa feni au jenereta kinasaidia, kwa sababu hizo zinanguruma kwa namna moja na programu inaweza kuzitambua ikazitoa. Upepo una tabia nyingine. Unaipiga maiki yenyewe, tena kwa nguvu kiasi kwamba sauti ya mtu inavurugika hapo hapo inapoingia. Juu ya hapo simu ikisikia kishindo hujishushia sauti yenyewe ili isipasuke, kwa hiyo kila upepo ulipokuja kwa nguvu maneno ya babu yalizidi kudidimia. Kisichoingia kwenye maiki hakuna kitufe cha kukirudisha. Nililala nikiwa na huzuni.

Asubuhi mdogo wangu wa mwisho, bila hata kujua nimekwama wapi, akaniambia simu yake ilikuwa kwenye mkeka, karibu na goti la babu, rikoda imewashwa tangu wanakula. Nilimwambia anitumie kwa WhatsApp kama dokumenti, ili faili lifike lilivyo. Dakika 48. Nikaruka mpaka katikati, nikamsikia babu. Kila neno. Mpaka anavyomeza mate kabla ya kuanza sentensi. Goti lake na migongo ya watu waliomzunguka vilikuwa vimeikinga ile simu na upepo.

Basi kazi ikawa ni kuitoa sauti ya simu yangu na kuiweka ya simu yake. Jambo hili linawezekana kwa sababu ndani ya faili la video la MP4 picha na sauti zinakaa kila moja kwenye mkondo wake, zimefungwa pamoja tu kama kanga doti moja: vipande viwili, unaweza kuvitenganisha. Nilifungua CapCut, programu ya kuhariri video kwenye simu, nikaingiza video, nikaitenga sauti yake ikae kwenye mstari wake peke yake, kisha nikaiongeza ile ya rikoda chini yake.

Sasa ianzie wapi? Watu wa filamu wana kile kibao wanachokigonga mbele ya kamera kabla ya kuigiza, na kazi yake ndiyo hii: jicho linaona kibao kinafunga, sikio linasikia mlio, unavikutanisha. Sisi hatukugonga chochote. Nikaanza kuitazama video polepole, natafuta kitu kinachogongana na kitu. Nikakipata kabla babu hajaanza kusema. Alikuwa ameshika kikombe kidogo cha kahawa. Anakunywa tama la mwisho, anakitazama ndani, anakirudisha kwenye sinia. Kwenye rikoda unasikia ngli! ya udongo juu ya bati, kali na fupi. Nilipouvuta mchoro wa sauti kwa vidole viwili ukapanuka, mlio ule ulisimama peke yake kama mwiba kwenye mchanga. Nikaisogeza video fremu moja moja, yaani picha moja moja zinazoiunda, mpaka ile ambayo kitako cha kikombe kinagusa sinia, nikauleta mwiba pale pale.

Ushauri wangu hapa ni kwamba sauti mbovu usiifute mapema. Ukiiacha icheze pamoja na nzuri, masikio yenyewe yatakwambia. Zikipishana sana unamsikia mtu anajirudia kama yuko chooni, zikikaribiana mwangwi unapungua mpaka watu wawili wanakuwa mmoja. Ila usizilinganishe hizo mbili kisha ukadhani umemaliza. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde, na mimi nilikuwa mita 12 nyuma, kwa hiyo simu yangu ilimsikia babu milisekunde 35 baada ya mdomo wake kufunguka. Kwa video ya fremu 30 kwa sekunde hiyo ni fremu moja. Ni kidogo, wala hakuna ambaye angelalamika, lakini kikombe kilinipa mahali pa kweli zaidi, nikakifuata kikombe.

Kosa kubwa nililifanya usiku huo. Watoto walikuwa wamelala, nikavaa zile spika za masikioni zisizo na waya, nikaendelea kurekebisha mpaka saa 6. Midomo na maneno vikakaa sawasawa, nikafurahi. Kesho yake dukani, Kariakoo, nafungua bila spika zile, sauti imetangulia! Babu anasikika kabla hajafungua mdomo. Nilidhani faili limeharibika. Kumbe Bluetooth inachelewesha sauti, inaweza kufika milisekunde 100, 200 hata zaidi kutegemea vifaa. Ukitazama video ya kawaida simu nyingi hujua kufidia hilo kwa kuichelewesha picha, lakini unapohariri usitegemee fidia hiyo. Nilikuwa nimeitanguliza sauti ili kuziba pengo ambalo halikuwepo kwenye video, lilikuwepo masikioni mwangu. Na sauti inayotangulia inaudhi kuliko inayochelewa. ITU, chombo cha Umoja wa Mataifa cha mawasiliano, kinakadiria kwamba watu huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, ila ikichelewa hawagundui mpaka ifike kama 125. Nadhani ni kwa sababu maisha yote tumeona mtu anapasua kuni ng'ambo ya shamba, shoka linatua kwanza, mlio unafuata. Kinyume chake hakuna aliyewahi kukiona.

Nikanunua spika za waya pale pale Mtaa wa Aggrey, nikaanza upya. Kati ya mteja na mteja, dera hili bei gani, hili lina rangi nyingine, narudi kwenye kikombe.

Mwanzo ukakaa vizuri. Dakika ya 5 vizuri. Ilipofika dakika ya 9, pale pale kwenye jina la shangazi, midomo ikaanza kuachana na maneno, na mwishoni ilikuwa dhahiri kabisa. Hili linawapata wengi wanaounganisha simu mbili. Kila simu inahesabu muda kwa saa yake ya ndani na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Tena simu nyingi hazirekodi idadi ile ile ya fremu kila sekunde, mwanga ukipungua zinapunguza. Kwa video ya dakika moja hutaona kitu. Kwa dakika 14 tofauti inajilimbikiza.

Nilifikiria kuibadilisha kasi ya sauti, lakini kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno, vitelezi vya kwenye simu haviwezi. Nikatumia njia ya fundi cherehani: kata, sogeza, shona. Babu ana desturi ya kunyamaza. Anasema jambo, ananyamaza, wageni wanaitikia, ndipo anaendelea. Kila alipokuwa kimya nilikata, nikakisogeza kipande kinachofuata kwa fremu moja au mbili mpaka kikae. Vipande 6 vikatosha. Usikate katikati ya neno hata kama unaona ndipo penye tatizo, sikio litashtuka.

Kukata kukaacha viupenyo vya kimya kabisa, na kimya cha namna hiyo kinatisha, kama umeme umekatika. Kila mahali pana sauti yake hata watu wakinyamaza. Hapo ndipo ile sauti mbovu ya simu yangu ilipopata kazi. Niliishusha mpaka asilimia 8, nikaiacha isikike kwenye viupenyo tu, ikileta upepo kidogo na turubai. Babu akianza tena kusema, inazimwa. Ukiipa nafasi ya upepo kidogo, mtazamaji anajua tulikuwa pwani.

Ilibaki kuitoa kwenye programu iwe faili jipya. Video yangu ilikuwa ya 1080p, yaani ya ubora mkubwa, karibu GB 1.7, na simu haikuwa na nafasi ya kutengeneza nyingine kama hiyo. Isitoshe programu ya kuhariri huichakata picha upya nzima nzima hata kama hukuigusa, na kila ikichakatwa inapoteza kidogo. Kijana mmoja fundi simu jirani na duka letu akanionyesha njia ambayo ningependa kila mtu aijue. Nitoe kwanza video ndogo ya 480p yenye sauti niliyoitengeneza, haraka, bila kujali ubora wa picha. Nisikate hata fremu moja mwanzoni, na kile kipande cha tangazo ambacho programu huongeza mwishoni nikiondoe. Halafu nichukue picha kutoka video halisi, na sauti kutoka ile ndogo, nizifunge pamoja bila kuchakata chochote.

Anayefunga ni FFmpeg, programu ya bure isiyo na vitufe, unaiandikia maneno. Kwenye Android inakaa ndani ya Termux, programu nyingine ya kuandikia amri. Unaruhusu kwanza Termux iyaone mafaili ya simu kwa termux-setup-storage, unaiweka kwa pkg install ffmpeg, kisha ukiwa kwenye folda yenye video zako unaandika mstari mmoja:

ffmpeg -i harusi.mp4 -i ndogo.mp4 -map 0:v:0 -map 1:a:0 -c copy harusi_mpya.mp4

Faili la kwanza linahesabiwa 0, la pili 1. Herufi v ni picha, a ni sauti. Kwa hiyo: picha ya faili 0, sauti ya faili 1, nakili zilivyo. Nilihamishia picha za zamani kwenye flashi ili kupata nafasi, nikabonyeza. Nilitarajia simu ichemke kama siku nyingine. Kabla mteja hajamaliza kuchagua dera ilikuwa tayari, picha ile ile isiyoguswa hata chembe.

Kuituma kukawa na lake. WhatsApp inapokea dokumenti ya hadi GB 2, lakini bando la GB 1.7 kwenda na shangazi kulipa tena kuipokea, hapana. Ile kubwa nikaihifadhi kwenye flashi mbili, moja kwangu, moja kwa baba. Shangazi nikamtumia nakala ndogo, sauti ni ile ile.

Alipiga saa 4 usiku. Hakusema salamu. Nilisikia video inacheza kwenye simu nyingine pembeni yake, imefika dakika ya 9, babu anataja jina lake. Akairudisha nyuma. Ikafika tena. Akairudisha.

"Mwanangu," akaniambia, "anakohoa namna hiyo tangu lini?"

Sikuwa nimekisikia kikohozi kile. Siku zote tatu nilikuwa natazama midomo. Nilivaa spika, nikasikiliza, kweli kipo, kidogo, kavu, kabla ya jina na baada ya jina. Asubuhi nilivuka kwa pantoni ya Magogoni na baba, tukampeleka mzee hospitali.