Irabu za Nyumbani

Kisumu, Jumanne usiku. Stima imerudi saa hizi, mvua imepungua, nami sijapata usingizi wa maana tangu tumzike senge Jumamosi. Kwenye simu yangu kuna rekodi ya dakika nne hivi. Nimeisikiliza wakati wa kupika, wakati wa kuosha vyombo, na nikiwa ndani ya matatu kutoka Kondele. Ni sauti mbili tu, yangu na ya mdogo wangu, na nyuma yake turubai linapigwa na upepo.

Wasiotoka kwetu, senge ni dada yake baba. Wa kwetu alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu la Friends, huko Maragoli, si mbali na Chavakali, na ndiye aliyetugawia sauti. Mimi nilikuwa darasa la sita, mdogo wangu la nne. Baba alikuwa na gitaa ambalo alilipiga kwa mtindo wa omutibo, kidole gumba kikishikilia besi na cha shahada kikicheza nyuzi za juu, vile mwanamuziki George Mukabi, mtu wa sehemu ya Kisa, alivyowapagawisha vijana wa Magharibi kabla hata baba hajaoa. Mmoja wetu alikwaruza chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mikunjo shingoni. Senge alikuwa akitusikiliza kutoka jikoni huku akichambua mboga, na siku moja akatoka na ungo mkononi akasema tunapoteza pumzi, sote wawili tunaimba kitu kimoja.

Akanipa mimi wimbo wenyewe. Mdogo wangu akapewa sauti ya pili, juu yangu. Nikisimama kwenye do, yeye yuko mi. Nikipanda re, yeye fa. Solfa ilikuwa kwenye ncha za vidole vyake, na aliiandika kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni ili tusiseme tumesahau. Lakini kuna jambo alimwambia mdogo wangu ambalo halikuandikwa ukutani: "Usimfuate dada yako kwa masikio peke yake. Mfuate kwa mdomo." Tulidhani ni namna yake ya kusema tukaze bidii.

Baba naye alikuwa na kaseti ya ndugu wawili wa Marekani, Don na Phil Everly. Aliwasikia kwanza redioni, akaitafuta kaseti hapa Kisumu mpaka akaipata. Maneno yao mengi hayakumfikia. Kilichomshika ni kwamba hakuweza kutofautisha nani ni nani. Alikuwa akisimamisha kaseti, anairudisha nyuma kwa kalamu ili asimalize betri, anatuuliza: huyu wa juu ni mkubwa au mdogo? Nasi tunabahatisha.

Wa juu alikuwa mdogo, Phil, aliyezaliwa Chicago mwaka wa 1939. Don, mkubwa wake kwa miaka miwili, alizaliwa Kentucky, na ndiye aliyeshika sauti ya chini iliyobeba wimbo. Haya niliyajua nikiwa mtu mzima. Nilijua pia kwamba baba yao, Ike, aliwahi kuchimba makaa ya mawe huko Kentucky na alikuwa mpiga gitaa hodari, na kwamba watu wa wilaya yake, Muhlenberg, wanasifika kwa kupiga gitaa huku gumba likishikilia besi. Siku niliyosoma hilo niliinuka nikatembea chumbani. Mchimba makaa wa Kentucky na fundi wa omutibo wa Kisa, kidole gumba kilekile, kazi ileile!

Watoto wa Ike waliimba redioni na wazazi wao huko Iowa katika miaka ya 1940, wakiwa bado wanafunzi. Mwaka wa 1958, wakiwa tayari na jina kubwa, walitoa santuri nzima ya nyimbo za zamani walizofundishwa na baba yao, magitaa na besi tu, na jina la santuri likasema hivyo hivyo: Songs Our Daddy Taught Us. Kati ya kazi zao zote, hiyo ndiyo ninayoirudia. Hakuna pa kujificha. Unasikia mtu akivuta pumzi, na mwenzake anaivuta naye.

Ilikuwa Jumatano nilipofika nyumbani kwa ajili ya matanga. Mdogo wangu alifika usiku wa siku hiyo kutoka Mombasa, ambako amefanya kazi bandarini miaka kumi na tisa. Ameoa huko, watoto wake wamezaliwa Changamwe, na Kiswahili chake sasa kimenyooka kuliko changu ninayekiandika. Tulikumbatiana chini ya turubai bila kusema lolote kwa muda. Tulikuwa hatujaimba pamoja tangu mazishi ya baba, na hata siku ile tuliimba ndani ya kwaya.

Alhamisi jioni wajomba wakasema: hebu imbeni ule wimbo aliowafundisha.

Tukaimba. Sauti yake ilishavunjika zamani, kwa hiyo ile sauti ya pili aliyokuwa akiiimba juu yangu sasa huiimba chini, noti zilezile zikiwa zimeshuka oktava nzima, kutoka do hadi do ya chini yake. Hakukosea hata moja. Nami sikukosea. Lakini ilikuwa kama watu wawili walio katika vyumba viwili, ukuta katikati, kila mmoja anaimba vizuri kwake. Watu wakatushukuru kwa upole. Mimi nililala nikimlaumu moyoni: ni sigara, ni umri, ni kutofanya mazoezi. Asubuhi nikajilaumu mwenyewe.

Ijumaa, tukiwa tumekaa kando ya moto ambako vijana walikuwa wakichemsha chai kwenye sufuria kubwa, mzee mmoja aliyeimba besi chini ya senge kwa miaka mingi alisogeza kiti chake. Hakuzunguka. "Noti zenu ni moja," akatuambia, "maneno yenu ni mawili. Wewe," akamnyoshea mdogo wangu kidole, "sema mstari wa kwanza. Usiimbe. Sema." Akausema. Kisha mzee akaniambia niuseme mimi. Ndipo nikasikia.

Kimaragoli kina irabu saba. Kiswahili kina tano. Kati ya i na e tunayo nyingine, mdomo haujabana wala haujaachia, na kati ya u na o vivyo hivyo. Mtu aliyeishi miongo miwili akisema, akiota na akibembeleza watoto kwa irabu tano, zile mbili za katikati humtoka polepole bila yeye kujua. Kila neno lenye irabu ya katikati, yeye alilipeleka kwenye i au u na mimi nikabaki pale alipotuacha senge. Noti zilikubaliana, umbo la kinywa likakataa. Na sikio la msikilizaji halidanganyiki: likisikia irabu mbili linahesabu watu wawili.

Hii ndiyo maana ya kumfuata kwa mdomo. Ilinichukua miaka thelathini na kitu na msiba kuielewa.

Mdogo wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo bado linaniuma. Miaka ya mwisho, alipokuwa akimpigia senge simu, alizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuja haraka, na senge alimjibu kwa Kimaragoli, wakaendelea hivyo mpaka salio likaisha. Hakumsahihisha hata mara moja. Nilimwambia Kiswahili si kosa, kimemlisha na kimemlelea wanawe. Na ninaamini hivyo kabisa. Lakini nilielewa alichokuwa akililia.

Tangu hapo hadi Jumamosi hatukusema Kiswahili sisi wawili. Tulikata ndizi tukizungumza Kimaragoli, tukabeba viti, tukagombana kuhusu nani alivunja chungu cha guku, bibi yetu, mwaka ule. Alitafuta maneno kwa mkono hewani. Wazee wakamsaidia bila kumcheka. Usiku wa mkesha, vijana walipozima spika kupumzisha jenereta, tulikwenda nyuma ya jikoni tukasema mashairi ya wimbo neno kwa neno, tukitazamana midomo kama watoto. Ukuta ule ulishapigwa lipu zamani. Solfa ya makaa iko chini yake.

Katika video za zamani za Don na Phil utawaona kwenye maikrofoni moja, nyuso zimekaribiana kiasi kwamba mmoja angeweza kuhesabu meno ya mwenzake. Nilizoea kudhani ni kwa sababu ya kipaza sauti. Sasa nadhani kila mmoja alihitaji kuona irabu inapoanza. Waligombana vibaya sana hao, wakaachana jukwaani California mwaka wa 1973, Phil akavunja gitaa lake na kuondoka. Miaka kumi ilipita kabla hawajaimba pamoja tena, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, Septemba 1983. Nimesikiliza nyimbo za usiku ule kwa makini wiki hii. Sauti zimekuwa nzito, lakini vinywa ni vilevile. Walikuwa wamenuniana, ila matamshi ya nyumbani kwao hayakununa. Phil alifariki Januari 2014, Don akamfuata Agosti 2021, na miaka ile saba katikati huwa naifikiria. Mtu anaimbaje nusu ya kitu?

Jumamosi kaburini tuliimba beti zote nne. Sitasema ilikuwa kama zamani. Beti ya kwanza bado alikuwa akitafuta, na kuna neno moja la kiitikio ambalo halikumrudia kabisa mpaka mwisho. Mpwa wangu ndiye aliyerekodi, amesimama mbali kidogo karibu na migomba, kwa hiyo kuna upepo mwingi. Kwenye beti ya tatu mtoto anasikika akilia, anataka mkate. Mara baada ya hapo kuna mistari miwili ambayo siwezi kujua sauti yangu ni ipi. Najaribu kuishika tangu neno la kwanza, naifuata, inanipotea kwenye neno la tatu, kila mara palepale.

Mdogo wangu alipanda basi Jumapili. Usiku huu ameniandikia kutoka Mombasa, kwa Kimaragoli, na makosa mawili ya tahajia: nitumie tena, ile ya kwanza ilikatika kabla ya mtoto kulia.

Naituma.