Lori la Kuni Halina Kilo

Lori la kuni huingia chuoni kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kupitia lango la nyuma, kabla wageni hawajaanza kupiga picha chini ya bango la lango kuu. Bango lenyewe ni jipya. Lina jani la kijani, viganja viwili vimeubeba mpira wa dunia, na mwaka ambao chuo kimeahidi kuwa kitakuwa kimeacha kuchafua anga. Nalijua vizuri kwa sababu nililipandisha mimi na vijana wawili wa idara yangu: boliti nane na taa mbili ambazo huwaka hata mchana, maana kitambuzi chake cha mwanga kilikuja kikiwa kibovu.

Mimi ni fundi wa stima katika idara ya majengo. Miaka kumi na tisa sasa. Jina la chuo sitalitaja, pensheni yangu bado iko mikononi mwao. Ni chuo cha umma, kiko Kenya, kina hosteli, maabara, jiko kubwa na njaa ya kila siku. Hayo yanatosha.

Kamati ya uendelevu ilipoundwa, niliitwa kwa sababu mtu mmoja alikumbuka kwamba kuna daftari. Ni kweli lipo. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zilisema kwamba taasisi inayotumia zaidi ya uniti 180,000 za stima kwa mwaka lazima ifanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, kisha itekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa na mkaguzi. Chuo chenye hosteli hupita kiwango hicho bila kutoka jasho. Mkaguzi wa kwanza alipokuja aliniuliza pampu za maji huwaka saa ngapi, nikamjibu "jioni jioni hivi". Aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Siku iliyofuata nikanunua daftari la kurasa 200, na tangu hapo nasoma kila mita ya chuo Jumatatu na Alhamisi.

Basi nikaingia kwenye kamati na daftari langu kwapani, nikiamini kabisa kwamba stima ndiyo mshtakiwa. Mhadhiri mmoja kijana, wa jiografia, akaniuliza kwa upole, "Mzee, hiyo stima yetu inatoka wapi?" Hata mimi najua: mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana, mabwawa ya Tana. Katika kila uniti kumi zinazozalishwa nchini, karibu tisa zinatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kwa hesabu ya gesi zinazopasha dunia joto, uniti yetu ni safi kuliko ya nchi nyingi tajiri. Nikajiona kama mchungaji aliyekesha akilinda mbuzi, kumbe fisi yuko kwa kondoo.

Sikukubali kirahisi lakini, kwa sababu kuna jambo ambalo mhadhiri halioni na fundi analiona. Stima ya saa mbili usiku si stima ya saa nane usiku. Kenya nzima ikirudi nyumbani, ikiwasha taa, runinga na pasi kwa pamoja, mzigo hupanda na mitambo ya mafuta huwashwa kusaidia. Usiku wa manane mambo hugeuka: watu wamelala, na kule Olkaria kumewahi kuwa na usiku wa kuachilia mvuke uende hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Na pampu zetu za maji ya hosteli zilikuwa zinawaka saa ngapi? "Jioni jioni hivi." Saa moja hadi saa tatu, pale pale kileleni.

Nilizihamisha. Saa ya kuwashia kwenye kabati la swichi, waya tatu, kazi ya mchana mmoja. Sasa tangi la juu hujazwa kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, na kwa kuwa Kenya Power ina bei ya chini ya usiku kwa wateja wakubwa, bili nayo ikashuka. Hakuna aliyekuja kukata utepe. Kazi iliyobaki ilikuwa kumshawishi mlinzi wa zamu asizirudishe kwa mkono kila anapoona tangi halijajaa saa mbili usiku. Hiyo ilichukua wiki tatu na vikombe kadhaa vya chai.

Jenereta sitalisema sana. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Watu hubisha: lita yenyewe haifiki kilo moja, itatoaje karibu tatu? Ni kwamba kaboni ya dizeli inapoungua hujishika na oksijeni ya hewani, na oksijeni ina uzito wake. Nilipopitia daftari niligundua kwamba siku ya mahafali jenereta hunguruma tangu asubuhi hadi jioni hata kama stima ipo, "ili tusiaibike mbele ya chansela". Saa tisa za moshi kwa sababu ya hofu. Nimeandika barua mbili, na mahafali yanakuja Desemba, tutaona.

Fisi mwenyewe nilimkuta jikoni.

Jiko letu hupika kwa kuni. Ugali, maharagwe, githeri, chai ya asubuhi, vyote. Mhadhiri alitaka tu idadi ya tani kwa mwaka ili aiweke kwenye hesabu ya kaboni, kwa hiyo nikaenda stoo kuuliza. Karani akanifungulia kitabu. Kila ukurasa uliandikwa hivi: lori 1, lori 1, lori 1, na sahihi. Lori la kilo ngapi? Akacheka. "Fundi, lori ni lori."

Lakini lori si lori. Kuna lililopangwa hadi juu ya mbao za pembeni, na kuna lililorushiwa magogo ovyo likaachwa na mashimo ambayo mtoto anaweza kujificha ndani. Halafu kuna maji. Mti uliokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na maji hayo lazima yachemke yaishe kabla kuni haijaanza kukupa joto. Unanunua maji kwa bei ya moto. Zaidi ya hapo unapata moshi, kwa sababu kuni mbichi haiungui ikaisha, inajikokota.

Mpishi wetu mkuu ni mama ambaye wanafunzi humwita Shosho, yaani bibi, nasi tukafuata. Amepika pale kabla sijaajiriwa. Nilimwambia nataka kuona kuni zinavyotumika, akaniambia nifike saa tisa usiku. Nilifika. Mlango ulikuwa wazi na moshi ulitoka kwa juu huku hewa ikiingia kwa chini, ukiuona mpaka wake waziwazi, kama mstari wa chai kwenye kikombe. Shosho na wenzake hutembea wameinama kidogo, vichwa chini ya ule mstari. Sikujua hilo. Miaka yote nilidhani mama yule ana kibyongo.

"Hizi zinalia," akaniambia, akinionyesha gogo la mkaratusi lililokuwa likitoa povu kwenye ncha huku upande wa pili ukiungua. "Zikilia, nasi twalia."

Hapa ndipo hesabu ya kaboni iliponikera. Mhadhiri alipiga mahesabu yake, akaja akiwa amekunja uso. Kwa kanuni zinazotumika sana, hewa ya ukaa itokayo kwenye kuni huandikwa pembeni, kwa hoja kwamba mti mwingine utaota na kuinywa tena. Gesi ya mtungi ni mafuta ya kuchimbwa, hiyo huandikwa yote. Maana yake ni kwamba chuo kikihama kutoka kuni kwenda gesi, Shosho atanyoosha mgongo, msitu utapumua, na karatasi ya chuo itasema tumekuwa wachafu zaidi. Na ile hoja ya mti kuota tena inamtegemea mtu aliyekata awe amepanda. Nimeuliza dereva wa lori kuni zinatoka wapi. Alitaja kaunti tatu kwa pumzi moja, akamalizia na "kwa watu".

Mapendekezo ya kamati siku hiyo yalikuwa tupande miti. Tulishapanda. Novemba 2023, serikali ilipotoa siku ya mapumziko ili nchi nzima ipande, nasi tulipanda, tukavaa fulana, mgeni rasmi akamwagilia mche wake kwa kopo jipya. Miezi kumi na minne baadaye nilizunguka shamba lile nikihesabu. Sitasema nilipata mingapi. Nitasema tu kwamba vibao vya majina vilikuwa vingi kuliko miti. Na hili linauma zaidi kwa Mkenya, kwa sababu tulifundishwa. Wangari Maathai alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, Nairobi, idara ya anatomia ya wanyama, alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Akina mama waliotunza miche walipewa senti kidogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila mche uliochomekwa ardhini. Alijua mapema kabisa wapi pa kuweka pesa. Sisi tuliziweka kwenye fulana.

Watu wakiniuliza kama kuna chuo kinachofanya vizuri, nawatuma Strathmore, pale Madaraka. Nilienda kwa kozi ya sola katika kituo chao cha utafiti wa nishati, wanafundisha mafundi wanaotafuta leseni. Mwaka 2014 waliweka juu ya paa zao paneli za kilowati 600, kwa mkopo nafuu wa fedha za Ufaransa uliopitia benki ya hapa nchini. Wengi hupiga picha paneli. Nilichokiangalia mimi ni kwamba paa zinafikika. Kuna ngazi, kuna njia ya kutembea, kuna maji ya kuoshea vumbi, kuna mtu ambaye kazi yake ni kujua kila kigeuza umeme kimetoa nini jana. Kwetu tuna paneli sita juu ya maktaba, zawadi ya mfadhili. Hakuna ngazi. Kunguru ndio wanaozikagua.

Ila hata paneli za Strathmore zisingetatua jiko letu. Sola ya mchana inaokoa pesa, na pesa si jambo dogo kwa chuo kinachodaiwa na kila mtu. Jiko la Shosho huanza usiku. Ndiyo maana pendekezo langu kwa kamati lilikuwa dogo, na nusu yao walidhani natania: maharagwe yaloweke. Kuyaloweka tangu jana yake hupunguza muda wa kuchemka kwa kiasi ambacho mpishi yeyote wa nyumbani anakijua, lakini jikoni kwetu hayakulowekwa kwa sababu stoo ilikuwa ikitoa chakula asubuhi ya siku ile ile, kwa utaratibu wa kuzuia wizi. Ilibidi mkuu wa fedha atie sahihi ili maharagwe yatoke jioni. Nawaambia, ahadi ya tabianchi ya chuo kizima ilikaa siku kumi na mbili kwenye trei ya barua ikingoja maharagwe yaruhusiwe kulala ndani ya maji.

Sahihi ilipatikana. Tukajenga pia banda la kukaushia, mabati ya zamani juu na pande zote wazi, kuni zikae miezi kadhaa kabla ya kuguswa. Sufuria zikapata vifuniko. Na kuna sufuria mbili kubwa za umeme ambazo nimeziunga kwenye mstari wao wenyewe, zinachemsha maji ya chai na maharagwe kuanzia saa tano usiku, kwa mvuke ule ule wa Olkaria ambao ungeachiliwa uende. Shosho aliziogopa wiki moja. Sasa ananipigia simu zikichelewa kupata moto.

Kubwa zaidi ni mistari miwili kwenye tenda mpya: kuni zitalipwa kwa kilo, na unyevu usizidi asilimia 25. Tulinunua kipima unyevu, kidude cha mkononi chenye sindano mbili kama meno ya nyoka. Unapasua gogo, unachoma katikati, unasoma. Lori linapita kwanza kwenye mizani ya shamba la chuo, mizani ya ng'ombe iliyoongezewa jukwaa, kazi ya vijana wa karakana.

Alhamisi iliyopita tulirudisha lori kwa mara ya kwanza. Nilipasua magogo matano mbele ya dereva, yote yakasoma zaidi ya 40. Akaniambia namharibia watoto. Shosho alitoka mlangoni, mikono ina unga, akauliza, "Fundi, na kesho watakula nini?" Swali la haki. Nikafungua banda tukatoa kuni za miezi minne ijayo, zile nilizozilinda kama mahari.

Saa tisa alasiri lori likarudi. Juu zilikuwa kavu kabisa, nyeupe, zinalia kama kengele ukizigonga. Nikawaambia vijana wapakue hadi katikati. Zilizokuwa chini zilikuwa zile zile za asubuhi, hata gogo nililopasua lilikuwepo, na alama mbili za sindano.